Kwa nini jiwe la shaba ni la kijani, na rangi inavyoweza kukudanganya

Kila mara msikilizaji wetu wa Kasekese au vijiji vya jirani anapookota jiwe la kijani, swali linalotufikia studio ni lile lile: je, hii ni zumaridi? Swali hilo lina msingi. Kwa majirani zetu wa Rukwa, upande wa Sumbawanga, zumaridi ya kweli imewahi kupatikana. Lakini ukanda wa madini wa Mpanda unajulikana zaidi kwa dhahabu, shaba, fedha na risasi, na shaba iliyo karibu na uso wa ardhi hukutana na hewa na maji ya mvua ikageuka jiwe la kijani liitwalo malakaiti. Anayenunua malakaiti kwa bei ya zumaridi ameliwa. Na anayeitupa akidhani ni jiwe la kawaida huenda ametupa mali, kwa sababu malakaiti safi ni shaba kwa zaidi ya nusu ya uzito wake.

Ili tusidanganywe, tuelewe kwanza rangi hizi zinatoka wapi.

Rangi ni mwanga uliobaki

Mwanga wa jua una rangi zote ndani yake; upinde wa mvua hutuonyesha hivyo. Mwanga ukipiga kitu, kitu hicho humeza sehemu yake na kuachia sehemu nyingine. Tunachokiona ni kile kilichobaki. Jiwe likimeza wekundu, macho yetu hupokea kijani na buluu.

Swali basi ni hili: kwa nini shaba, chuma, kromi, vanadi, nikeli na kobalti humeza mwanga tunaouona, wakati chumvi ya mezani na chokaa haviumezi, vikabaki vyeupe?

Vyumba 5 na majirani

Metali hizi huitwa metali mpito. Kila atomu yake ina elektroni zinazokaa katika kundi la nafasi 5, ambazo wanasayansi huziita nafasi za d. Tuzifikirie kama vyumba 5, kila kimoja kikibeba elektroni 2. Atomu ikiwa peke yake, vyumba vyote 5 viko kwenye kimo kimoja. Lakini ndani ya jiwe au ndani ya maji atomu haiko peke yake; imezungukwa na majirani kama oksijeni. Vyumba vinavyotazamana uso kwa uso na majirani hao husukumwa juu, na vingine hubaki chini. Hapo pengo linatokea.

Elektroni ya chini ikitaka kupanda juu, inahitaji nishati inayolingana na pengo hilo. Katika metali mpito nyingi, nishati hiyo ni ya mwanga tunaouona. Elektroni humeza mwanga huo na kupanda, na sisi tunaona rangi iliyobaki.

Sharti ni kwamba juu kuwe na nafasi. Shaba iliyo ndani ya malakaiti ina elektroni 9 katika vyumba vinavyobeba 10, hivyo nafasi moja iko wazi. Zinki, inayofuata shaba katika jedwali la elementi, ina zote 10. Hakuna pa kupanda. Ndiyo maana mabati mapya yaliyorundikwa yakiwa na unyevu hutoa unga mweupe: ule ni wa zinki iliyopakwa juu. Zinki ikiisha, chuma cha ndani hutoa kutu nyekundu.

Metali moja, rangi nyingi

Kwa kuwa majirani ndio wanaopanga ukubwa wa pengo, metali ile ile hubadilika rangi ikibadilishiwa majirani. Wakulima wanaujua mrututu, ule wa buluu. Ndani yake shaba imezungukwa na maji. Ukipashwa moto, maji hutoka na mrututu hugeuka mweupe, kwa sababu pengo limepungua na mwanga unaomezwa sasa ni ule ambao macho hayauoni. Dondoshea maji, buluu inarudi.

Mfano mzuri zaidi uko Longido, mkoani Arusha. Huko kuna jiwe la kijani lenye rubi nyekundu katikati. Kijani kile na wekundu ule vyote vimetokana na kromi. Ndani ya rubi, oksijeni imeibana kromi zaidi, pengo likawa kubwa, na mwanga unaobaki ni mwekundu. Hata tanzanaiti ya Mirerani, iliyojulikana tangu 1967, hupata buluu yake kwa vanadi kidogo, na mawe mengi ya aina hiyo hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 500 au 600 za Selsiasi.

Rangi nyingine zina njia tofauti. Wekundu wa tofali la kuchoma na wa kutu ya chuma hutokana zaidi na elektroni kuruka kutoka kwa oksijeni kwenda kwa chuma.

Basi tupime vipi?

Kijani chaweza kuwa cha shaba, kromi, vanadi, nikeli au chuma. Rangi peke yake haithibitishi. Chukua ncha ya kisu na ukwaruze: malakaiti ni laini, kisu huikwaruza, zumaridi haikwaruzwi na kisu, nayo hukwaruza kioo. Kisha sugua jiwe nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Malakaiti huacha mstari wa kijani. Kabla ya kuuza au kununua, peleka jiwe ofisi ya madini. Vipimo vya maabara hufanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma.

Kisicho na rangi pia kina hatari

Maji ya kisima yanayotoka safi kisha kuwa ya kahawia kwenye ndoo huwatisha watu. Mara nyingi hicho ni chuma kilichokutana na hewa. Huchafua nguo na kuharibu ladha, lakini si sumu kali. Risasi, iliyochimbwa Mpanda tangu enzi za Waingereza, si metali mpito. Ikiyeyuka ndani ya maji haionekani. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi iliyotokana na vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu mnaochimba: msisagie mawe nyumbani, wala msiogeshe watoto kwa maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, hata yakiwa meupe kama ya mvua.