Mganga ni nani?

Mtanzania akifika Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, akasikia mgonjwa kapelekwa “kwa muganga”, huenda akawaza mizizi na hirizi. Mwenyeji anamaanisha hospitali. Kwa Kirundi, umuganga ni daktari, na mara nyingi hata muuguzi. Mpiga ramli ana jina lake, umupfumu.

Kiswahili nacho hakijaupoteza upana huo. Kuganga ni kutibu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, naye ni daktari.

Upana huo wa neno “mganga” una kazi hata wodini. Wapo wanaokunywa umuravumba, mmea wa jamii ya mnanaa unaotumiwa kutibu kikohozi, kabla ya kufika kituo cha afya, kisha wakanyamaza wakiogopa kukaripiwa. Ukimya huo ni hatari, maana baadhi ya mitishamba huongeza au hupunguza nguvu ya dawa za hospitali.

Tamko la kimataifa la Alma-Ata la 1978 liliwahesabu waganga wa jadi katika huduma ya msingi ya afya. Sheria ya Tanzania ya 2002 ikatambua tiba asili na tiba mbadala. Lakini “mbadala” ni hiki badala ya kile, ilhali mgonjwa huchanganya vyote viwili. Basi muuguzi aulize kwa upole: “Mama, nyumbani umetumia dawa gani?” Swali hilo nalo ni uganga.