Lenzi Bandia ya Jicho: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Mwananchi anayebainika kuwa na mtoto wa jicho hukabiliwa na uamuzi ambao ataishi na matokeo yake kwa miaka yote iliyobaki: ni lenzi ipi itakayowekwa ndani ya jicho baada ya ile ya asili kuondolewa. Lenzi hiyo haivuliwi kama miwani. Kuibadilisha kunawezekana, lakini kunahitaji upasuaji mwingine wenye hatari kubwa kuliko ule wa kwanza.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya asili, mara nyingi kutokana na umri, na wakati mwingine kutokana na kisukari, jeraha au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Shirika la Afya Duniani linautaja ugonjwa huu kuwa miongoni mwa sababu kuu za upofu duniani. Hakuna dawa ya matone wala ya kienyeji iliyothibitika kuusafisha ukungu huo, hivyo tiba yake ni upasuaji.

Lenzi bandia ya kwanza ilipandikizwa mwaka 1949 jijini London na daktari Harold Ridley. Alikuwa amebaini kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikusababisha uvimbe mkubwa kama ilivyotarajiwa. Plastiki ya jamii hiyo inatumika hadi leo.

Wagonjwa wengi na ndugu zao huuliza kwanza kuhusu aina na bei ya lenzi. Swali linalostahili kutangulia ni la nguvu ya lenzi, ambayo hupimwa kwa dayopta. Lenzi ya bei ya juu yenye nguvu isiyo sahihi humwacha mgonjwa na uoni hafifu, ilhali ya kawaida iliyopimwa vizuri humrudisha kazini. Ili kupata nguvu hiyo, mtaalamu hupima mpindo wa konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, pamoja na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Jicho la mtu mzima kwa kawaida lina urefu wa milimita 23 hadi 24. Kosa la milimita moja tu katika kipimo hicho huweza kupotosha hesabu kwa takriban dayopta mbili na nusu, kiasi cha kumfanya mtu ahitaji miwani mizito baada ya upasuaji uliofanyika bila dosari nyingine yoyote.

Kipimo hufanyika kwa mwanga au kwa mawimbi ya sauti. Ukungu ukiwa mzito sana mwanga haupenyi, na hapo mawimbi ya sauti hutumika. Macho yote mawili hupimwa hata kama linalofanyiwa upasuaji ni moja, kwa sababu tofauti kubwa kati yake humfanya mtaalamu arudie kipimo. Aliyewahi kufanyiwa tiba ya leza kwenye konea anapaswa kulieleza jambo hilo mapema, kwani hesabu za kawaida hazimfai.

Baada ya kipimo hufuata suala la umbali. Lenzi inayotumika zaidi katika hospitali ni ya umbali mmoja: huona vizuri mbali au karibu, si kote kwa pamoja. Wengi huwekewa ya mbali, kisha hutumia miwani kusoma. Utaratibu huo unamfaa dereva, mvuvi na mfugaji, lakini haumfai kila mtu. Fundi cherehani, msusi wa mikeka au mwalimu wa madrasa ambaye tangu ujana hakuona mbali bila miwani, ila alisoma na kutunga uzi kwenye sindano bila msaada wowote, atashangaa kuona uwezo huo umetoweka siku bandeji inapofunguliwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuomba lenzi ya karibu na kuendelea kuvaa miwani ya mbali kama alivyozoea. Daktari hawezi kulijua hilo asipoambiwa. Baadhi ya wagonjwa huwekewa jicho moja la mbali na jingine la karibu, na ni vyema mpangilio huo ujaribiwe kwanza kwa miwani.

Zipo pia lenzi za umbali mwingi, ambazo hugawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu. Hupunguza utegemezi wa miwani, lakini huweza kuleta miduara ya mwanga kuzunguka taa nyakati za usiku na kufifisha tofauti ya vivuli. Kwa dereva wa lori la usiku hilo si jambo dogo. Kwa kawaida hazishauriwi kwa wenye glakoma au retina iliyoathiriwa na kisukari, hata kama wana uwezo wa kuzilipia. Lenzi za toriki hurekebisha konea isiyo na mpindo sawa. Huwekwa kwa mwelekeo maalumu, na lenzi hiyo ikizunguka nyuzi 30 kutoka mahali pake, faida ya marekebisho hayo hupotea.

Kuhusu malighafi, lenzi ya plastiki ngumu huingizwa kupitia mkato wa takriban milimita sita, na ile laini inayokunjwa hupita kwenye mkato usiofika milimita tatu. Lenzi ngumu haipaswi kudharauliwa. Kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilichoanzishwa mwaka 1992, kilishusha sana bei yake na kuziwezesha hospitali za nchi nyingi kuwahudumia wananchi wa kipato cha chini, na katika mikono ya mpasuaji mzoefu matokeo yake ni mazuri. Ukungu unaojitokeza miezi au miaka baadaye nyuma ya lenzi ya aina yoyote si mtoto wa jicho aliyerudi; huondolewa kwa leza kwa dakika chache.

Mtoto mdogo ni suala la daktari bingwa, kwa kuwa jicho lake bado linakua na nguvu inayofaa leo haitafaa baadaye.

Mgonjwa mwenye bima anashauriwa kuuliza kabla ya siku ya upasuaji ni lenzi gani inayogharamiwa. Baada ya upasuaji, aombe kadi au stika inayotoka kwenye kisanduku cha lenzi, yenye jina la lenzi, nguvu yake na namba yake. Jicho la pili likifanyiwa upasuaji katika hospitali nyingine, kadi hiyo ndiyo itakayomwonyesha daktari kilichowekwa katika la kwanza.