Jina la Champagne na Wakulima Wake

Divai yenye povu inayofunguliwa kwa kishindo arusini, sisi huiita shampeni pasipo kuuliza ilikotoka. Kumbe Champagne ni jina la nchi, jimbo la Ufaransa lililo mashariki ya Paris, na wenyeji wake walikwisha kulipigania hata kwa moto.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa kile kibandiko cha chupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya wafanyabiashara wa jimbo hilo walikuwa wakinunua zabibu rahisi za bonde la Loire na za kusini, wakizileta kwa reli, kisha wakiiuza divai yake kwa jina la Champagne. Mkulima akakosa bei. Nasi tulio na mizabibu yetu Dodoma hatushindwi kuuelewa uchungu huo. Mavuno ya mwaka 1910 nayo yakaharibika karibu yote. Januari 1911 wakulima wa bonde la Marne wakamwaga divai na kutupa mapipa mtoni; na mwezi Aprili, Baraza la Seneti lilipokubali hoja ya kuifuta mipaka ya jimbo iliyowekwa mwaka 1908, wakachoma moto nyumba na maghala ya wafanyabiashara katika mji wa Aÿ. Serikali ikapeleka askari. Wala dai la haki halikuwa la upande mmoja: wakulima wa Aube, walioachwa nje ya mipaka hiyo, waliandamana mjini Troyes wakisema kuwa wao pia ni watu wa Champagne. Hawakukubaliwa kikamilifu hadi sheria ya mwaka 1927.

Mwaka 1960 mahakama ya Uingereza ilikataza divai ya Hispania isiitwe "Champagne ya Kihispania". Wauzaji walijitetea kwamba neno Kihispania latosha kumwonya mnunuzi. Jaji aliona kuwa asiye mjuzi wa divai angedanganyika vivyo hivyo. Mwaka 1993 mahakama ya Paris ikayazuia hata manukato yaliyopewa jina hilo. Hakuna anywaye manukato, lakini sifa iliyokuwa ikiyauza ilikuwa ya wengine.

Marekani mambo ni tofauti. Kwa mapatano ya mwaka 2006 na Jumuiya ya Ulaya, wenye viwanda waliokwisha kulitumia jina hilo waliruhusiwa kuendelea, mradi wataje mahali divai inakotoka. Hivyo chupa ya California yaweza kuandikwa Champagne, na mkulima wa Aÿ hana la kufanya.