Upimaji wa virusi kwa mate

Upimaji wa virusi kwa mate ni njia ya kutafuta virusi katika mate ambayo mtu huyatema mwenyewe kwenye chupa, badala ya ute unaochukuliwa nyuma ya pua na mhudumu wa afya kwa kijiti kirefu cha pamba. Maabara chache ziliifahamu njia hii kabla ya mwaka 2020. UVIKO-19 ndiyo iliyoipeleka vyuoni, kwenye timu za michezo na katika viwanja vya ndege.

Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, mengi yakitoka katika jozi tatu za tezi: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Lakini kinachotemwa si maji ya tezi peke yake. Kimechanganyika na seli zilizobanduka ulimini na mashavuni, majimaji ya ufizi, bakteria, kamasi iliyoteremka kutoka puani na pengine kohozi. Mwanzoni wengi walidhani virusi vya korona vinavyokutwa kinywani ni vile tu vilivyoshuka kutoka puani au kupanda kutoka mapafuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Medicine ulionyesha kuwa virusi hivyo huambukiza pia seli za tezi za mate na za ngozi laini ya kinywa.

Kilichowasukuma watu kwenye mate kilikuwa kwanza uhaba. Watengenezaji wakubwa wa vijiti vya puani walikuwa wachache, wakiwemo Copan ya Brescia, katika eneo la Lombardia ambalo ugonjwa uliliandama mapema kuliko sehemu nyingine za Italia, na Puritan ya jimbo la Maine, Marekani. Mhudumu anayechukua ute naye huhitaji barakoa na mavazi ya kujikinga, kwa kuwa anayepimwa hukohoa na kupiga chafya mbele yake. Kuna pia kero yenyewe ya kijiti, ambayo madereva wa malori waliopimwa mipakani Afrika Mashariki mwaka 2020 hawahitaji kusimuliwa.

Ushahidi wa mapema ulitoka Hong Kong. Februari 2020, watafiti waliripoti kuwa wagonjwa 11 kati ya 12 waliothibitishwa kuwa na korona walikutwa na virusi kwenye mate. Walitumia mate ya kooni, yanayotolewa kwa kukohoa. Sampuli hiyo imekaribia kohozi, kwa hiyo matokeo yake hayafai kulinganishwa moja kwa moja na ya mtu aliyeachia tu mate yajikusanye na kudondoka. Mabishano mengi yaliyofuata kuhusu ubora wa mate yalitokana na kuchanganya sampuli hizi mbili.

Aprili 2020, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa dharura kipimo cha kwanza cha mate, cha maabara ya Chuo Kikuu cha Rutgers. Kilichobadilisha hesabu ya gharama, hata hivyo, ni SalivaDirect ya Chuo Kikuu cha Yale, iliyoidhinishwa tarehe 15 Agosti mwaka huo. Timu ya Anne Wyllie na Nathan Grubaugh iliondoa hatua ya kuchuja vinasaba vya virusi, hatua inayokula muda na kemikali ghali. Mate huchanganywa na kimeng'enya kiitwacho proteinezi K, hupashwa moto wa nyuzi 95 kwa dakika tano, kisha huingizwa moja kwa moja kwenye mashine ya PCR, inayorudufisha vinasaba hadi vionekane. Kemikali za sampuli moja ziligharimu kati ya dola 1.29 na 4.37. Yale haikuuza kifurushi chochote. Ilitoa utaratibu wake kwa maabara nyingine, na ligi ya mpira wa kikapu ya NBA ilisaidia kugharamia utafiti huo.

Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, kilifuata njia hiyo ya kuepuka uchujaji, ila mate yalipashwa moto kwa dakika 30. Moto huo unaua virusi kabla chupa haijafunguliwa, jambo linalompa fundi wa maabara utulivu. Kuanzia Agosti 2020, wanafunzi na wafanyakazi walipimwa mara mbili kwa wiki. Hapa ndipo nguvu halisi ya mate inapoonekana. Kipimo kinachokosa wagonjwa wachache lakini kinarudiwa kila baada ya siku tatu au nne huwapata waambukizaji wengi kuliko kipimo bora kinachofanywa mara moja, na kutema mate mara mbili kwa wiki muhula mzima ni rahisi kuvumilia kuliko kuingizwa kijiti kirefu puani.

Huko Japani, abiria waliotua walitakiwa kujaza kichupa ndani ya vibanda, na ukutani kulibandikwa picha za ndimu na za matunda makali ya umeboshi ili kinywa kijae mate. Wanariadha wa Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 2021 nao walipimwa mate kila siku.

Je, mate yanatosha? Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 16 ulikadiria kuwa PCR ya mate iliwabaini asilimia 83.2 ya wenye maambukizi, na ya pua asilimia 84.8, tofauti isiyo na uzito. Aina ya kirusi ina nafasi yake. Watafiti wa Cape Town waligundua mwishoni mwa 2021 kwamba Delta ilionekana vizuri zaidi puani, ilhali Omicron ilionekana vizuri zaidi kwenye mate.

Udhaifu wa mate uko zaidi mezani pa fundi. Ni mazito, yana mabaki ya chakula, huziba pipeti, na vimeng'enya vyake vinaweza kuvunja vinasaba. Anayepimwa huagizwa asile, asinywe wala asivute sigara kwa dakika 30 kabla ya kutema. Watoto wadogo na wagonjwa waliokaukiwa kinywa hushindwa kutoa kiasi kinachotakiwa.

Kipimo binafsi cha VVU cha kupitisha kifaa kwenye ufizi, kilichozinduliwa Kenya mwaka 2017, hakimo katika kundi hili ingawa wengi hukiita cha mate. Chenyewe hutafuta kingamwili, si virusi. Kwa upande mwingine, mate hupimwa kutafuta virusi vya kichaa cha mbwa kwa mgonjwa aliye hai. Virusi hivyo hutoka kwa vipindi, hivyo sampuli huchukuliwa zaidi ya mara moja, na jibu la kuwa havikuonekana halimwondolei mtu ugonjwa. Kwa watoto wachanga wanaochunguzwa virusi vya sitomegalo, shida hugeuka upande wa pili. Maziwa ya mama yanaweza kubeba virusi hivyo, kwa hiyo mate huchukuliwa angalau saa moja baada ya kunyonya, na yakionyesha maambukizi, mkojo hupimwa kuthibitisha kabla mtoto hajatimiza siku 21.