Vipande vya Oti na Jibini ya Malai: Kuoka Kisumu Bila Jelatini

Vipande hivi ni kitindamlo cha tabaka tatu: chini oti zilizochanganywa na siagi, katikati jibini ya malai, juu chengachenga za oti. Huliwa baridi, na chai ya jioni hupendeza navyo. Oti ni ile nafaka iliyobanjuliwa ya kupikia uji, na maduka ya Kisumu inauzwa. Mtihani uko kwenye jibini, na sio bei pekee.

Vitindamlo vingi vya jibini visivyookwa hugandishwa kwa jelatini. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi mnyama mwenyewe ni nguruwe. Vinavyookwa hushikwa na yai na moto wa oveni, kwa hivyo jelatini haihitajiki kabisa. Hata hivyo, soma karatasi ya jibini ya dukani, na tafuta alama ya halali kama ile ya Kenya Bureau of Halal Certification.

Njia nafuu na salama ni kuichuja mwenyewe. Tumia mtindi au maziwa lala yasiyo na sukari, lita moja na nusu. Hakikisha hayana jelatini: baadhi ya mtindi wa viwandani huwekewa ili uwe mzito, na huo hata kuchujika ni shida. Tandika kitambaa cha melimeli juu ya chujio, mimina, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utapata vikombe viwili au zaidi kidogo. Maji yaliyotoka usimwage, yanafaa kukandia chapati.

Vipimo (treya ya mraba ya sentimita 20)

Tabaka la oti:
Oti vikombe 1½
Unga wa ngano kikombe 1
Sukari ya kahawia ½ kikombe
Siagi iliyoyeyushwa gramu 125
Chumvi chembe

Tabaka la jibini:
Jibini ya malai au mtindi uliochujwa vikombe 2
Sukari ½ kikombe
Mayai 2
Unga wa ngano kijiko 1 cha supu
Hiliki ya unga ½ kijiko cha chai
Ganda la ndimu lililokwaruzwa

Namna ya kuoka

1. Washa oveni nyuzi 180. Changanya vitu vya tabaka la oti mpaka vishikane.
2. Weka akiba kikombe kimoja. Sehemu iliyobaki ishindilie kwenye treya iliyopakwa siagi, uoke dakika 12.
3. Piga jibini na sukari hadi ilainike. Tia mayai moja moja, kisha unga, hiliki na ndimu. Usipige sana, povu likizidi juu hupasuka.
4. Mimina juu ya oti, nyunyiza ile akiba, oka dakika 30 hadi 35. Kingo zishike, katikati patikisike kidogo kama faluda.
5. Acha ipoe, weka kwenye friji saa nne, ndipo ukate vipande 16. Ukikata ingali moto, itamwagika.

Asiye na oveni apalie makaa kama apikavyo mkate wa kumimina: sufuria nzito, moto mdogo chini, makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Tazama mapema, maana chini huungua haraka.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, na keki za kuumuka huweza kubadilika kwa sababu ya mwinuko huo. Vipande hivi havina hamira, basi mtu wa Mombasa na wa Kisumu watumie vipimo hivyo hivyo.

Tahadhari iliyobaki ni joto. Mchana wa kando ya ziwa si wa kuacha maziwa na mayai mezani. Visikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na ndani ya friji vimalizwe kwa siku tatu au nne. Anayepika kwa kuuza avibebe kwenye kisanduku chenye barafu, na amweleze mnunuzi jibini imetoka wapi. Mteja Muislamu ana haki ya kujua anachokula.