Safari Rally ilivyopita Ukambani: usalama, uamuzi na uungwana katika barabara isiyofungwa

KWA miaka mingi, wakazi wa Kibwezi, Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui hawakuhitaji tiketi ili kutazama mashindano ya dunia. Yaliwapitia mlangoni.

Mbio za Safari Rally zilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na zikapewa jina la Coronation Safari. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari, na 1974 zikawa Safari Rally. Zilijumuishwa katika Ubingwa wa Dunia wa Mbio za Magari tangu ubingwa huo ulipoanza mwaka 1973. Miongoni mwa njia zake mashuhuri ilikuwa ile ya vumbi inayotoka Kibwezi kwenye barabara kuu ya Mombasa, ikavuka mto Athi na kuingia Kitui. Siku hizo Kibwezi ilikuwa katika wilaya ya Machakos. Makueni ilipewa wilaya yake mwaka 1992, na tangu 2013 Kitui na Makueni ni kaunti.

Jambo lililoitofautisha Safari na mashindano ya Ulaya ni kwamba barabara haikufungwa. Dereva aliyekuwa akishindania ubingwa alitumia njia moja na mama anayetoka sokoni, lori la makaa, punda wenye mitungi ya maji na ng'ombe wanaorudi zizini. Sheria za kawaida za barabarani ziliendelea kutumika, angalau kwenye karatasi.

Timu zenye fedha zilitafuta kinga ya aina yake. Helikopta iliruka mbele ya gari na kumwarifu dereva kwa redio kuhusu mifugo, watu au gari linalokuja upande wa pili. Magari yalifungwa vyuma vizito mbele na taa za ziada. Kinga hizo zilimfaa zaidi aliye ndani ya gari. Mchungaji aliyesikia mngurumo wa helikopta alikuwa na dakika chache tu za kuwaondoa mbuzi njiani, na dereva wa kawaida wa humu nchini asiye na helikopta alibaki kutegemea macho yake na ya mwelekezi wake.

Uamuzi nao ulikuwa wa namna yake. Hapakuwa na utepe wa kuvuka bega kwa bega. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo cha ukaguzi. Msimamizi mwenye saa aliandika dakika ya kuwasili kwenye kadi, na kila dakika ya kuchelewa ikawa adhabu. Mwenye adhabu chache zaidi ndiye mshindi. Kati ya kituo na kituo kulikuwa na makumi ya kilomita ambako hakuna jicho la mwamuzi. Mvua za masika zilipojaza mito ya mchanga ya Kitui, magari yalikwama, na hesabu ya dakika ikageuka hesabu ya saa.

Mwaka 1973 hesabu hiyo iliwatia waamuzi majaribuni. Shekhar Mehta wa Kenya na Harry Källström wa Uswidi, wote wakiendesha Datsun, walimaliza na adhabu sawa. Ushindi alipewa Mehta kwa kanuni inayomtazama aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza muda. Kanuni hiyo iliandikwa kabla ya mbio kuanza, na hilo ndilo lililoupa uamuzi uzito. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Mbio za pikipiki duniani zimepitia mgogoro uo huo. Mashindano ya kisiwa cha Man, yanayofanyika katika barabara za umma zilizofungwa kwa muda, yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 1976. Kifo cha Mwitaliano Gilberto Parlotti mwaka 1972 kilimfanya Giacomo Agostini, bingwa wa enzi hiyo, kukataa kurudi huko. Waendeshaji ndio waliokataa kwanza. Wakuu walifuata baadaye.

Wala kamera hazimalizi ubishi. Huko Sepang, Malaysia, mwaka 2015, Valentino Rossi na Marc Márquez waligusana na Márquez akaanguka. Waamuzi walimpa Rossi alama tatu za adhabu. Zikijumlishwa na moja aliyokuwa nayo, alilazimika kuanza wa mwisho katika mbio za kufunga msimu huko Valencia. Alimaliza wa nne, na Jorge Lorenzo akatwaa taji kwa tofauti ya pointi tano. Mashabiki wangali wanabishana hadi leo, ingawa picha zipo za kila pembe. Kwenye vumbi la Mutomo hata picha hazikuwapo.

Safari iliondoka kwenye ratiba ya dunia baada ya mbio za 2002. Iliporejea mwaka 2021, ilihamia eneo la Naivasha, katika sehemu fupi zilizofungwa, zenye wasimamizi na madaktari. Ukambani haikuwamo tena.

Barabara ya Kibwezi hadi Kitui sasa ina lami, na wanaoitawala ni wahudumu wa bodaboda, ambao waliongezeka sana baada ya serikali kuondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008. Sheria ya trafiki inawataka wavae kofia ngumu na jaketi linaloakisi mwanga, na wabebe abiria mmoja tu. Vijana wawili wanaposhindana kuwahi abiria kwenye mteremko wa mto Athi, hakuna saa, kadi wala helikopta. Mbuzi bado wanavuka.