Tishu za mafuta zinapokufa: Uvimbe unaofanana na saratani

MWANAMKE anapojipapasa na kugundua donge gumu kwenye titi, wazo la kwanza linalomjia ni saratani. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa saratani ya matiti ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wengi zaidi nchini. Hata hivyo, lipo tatizo jingine linaloleta donge la aina iyo hiyo ilhali si saratani, wala haligeuki kuwa saratani. Hilo ni kufa kwa tishu za mafuta, hali ambayo madaktari huiita nekrosisi ya mafuta.

Sehemu kubwa ya titi ni mafuta. Seli za mafuta zikipondwa, au damu inayozilisha ikikatika, hufa, hupasuka na kumwaga mafuta yaliyomo ndani. Mwili huyaona mafuta hayo kuwa kitu kigeni. Seli za kinga hukusanyika na kuyameza, kisha kovu hujengeka pembeni. Wakati mwingine mafuta hubaki majimaji ndani ya kifuko, na baada ya muda chokaa huganda kwenye kuta zake.

Chanzo ni nini?

Chanzo kimoja ni jeraha: kuanguka, kupigwa kifuani au kubanwa na mkanda wa usalama gari linapopata ajali. Abiria wa matatu walianza kulazimishwa kufunga mikanda mnamo 2004, kanuni za uchukuzi zilizofahamika kama sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa. Hii si sababu ya kuuacha mkanda; donge la kifuani si kitu likilinganishwa na uhai uliookolewa.

Vyanzo vingine ni upasuaji wa titi, biopsi na tiba ya mionzi. Ndiyo maana mwanamke aliyekwisha kutibiwa saratani huweza kupata donge mahali pale pale alipotibiwa, akadhani ugonjwa umerejea. Donge lenyewe huweza kujitokeza wiki, miezi au hata miaka baadaye, na wapo wasiokumbuka kuumia kamwe.

Utata huu si wa leo. Mnamo 1920, madaktari wa Marekani Burton Lee na Frank Adair waliandika kuhusu hali hii na namna ya kuitofautisha na saratani ya matiti.

Jinsi inavyotambuliwa

Vidole pekee havitoshi. Donge la mafuta yaliyokufa huweza kuwa gumu, lisiume, na hata kuivuta ngozi au chuchu kuelekea ndani, sawa kabisa na saratani. Kwa hiyo daktari hupitia hatua tatu.

Kwanza, humhoji mgonjwa kuhusu ajali, upasuaji na historia ya ukoo wake, kisha huyapapasa matiti yote mawili pamoja na makwapa.

Pili, huagiza picha. Mamogramu ikionyesha kifuko cha mafuta chenye ukuta mwembamba, au duara la chokaa mfano wa ganda la yai, jibu huwa limepatikana na mara nyingi hapahitajiki zaidi. Ultrasaundi, na pengine MRI, husaidia pale mamogramu inapoacha shaka. Tatizo ni kwamba kovu huweza kuonekana pichani likiwa na miiba, na chembechembe za chokaa zikajikusanya kama zifanyavyo katika saratani.

Hapo ndipo hatua ya tatu huhitajika, yaani biopsi. Mahali hapo hutiwa ganzi, kipande kidogo cha tishu hutolewa kwa sindano, na mtaalamu wa patholojia hukichunguza kwa hadubini. Huona seli za mafuta zisizo na kiini, zikiwa zimezungukwa na seli za kinga zilizojaa mafuta. Majibu ya hatua zote yasipoafikiana, uchunguzi hurudiwa au donge lote huondolewa.

Ipo hatari moja ya kuepukwa. Mtu aliyegongwa kifuani huweza kujiambia kwamba donge limetokana na kipigo tu, akakaa nyumbani. Mara nyingine kipigo humfanya apaguse mahali ambapo uvimbe ulikuwepo tayari. Kuumia si ithibati kwamba hakuna saratani.

Nekrosisi ikishathibitishwa, wengi hawahitaji matibabu. Donge hupungua polepole, na kifuko cha mafuta kinachosumbua huweza kufyonzwa kwa sindano.

Si kwenye matiti pekee

Kongosho linapovimba ghafla, mara nyingi kutokana na vijiwe vya nyongo au pombe, vimeng'enya vyake huvuja na kuyameng'enya mafuta ya tumboni. Mafuta hayo huungana na kalisi na kufanya madoa meupe kama chaki. Hali hii huweza kuua. Daktari huitambua kwa maumivu makali ya tumbo la juu, kwa kipimo cha damu kinachoonyesha kimeng'enya cha lipasi kikiwa angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, na kwa picha za CT.

Watoto wachanga, hasa waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, huweza kupata mabaka magumu mekundu mgongoni, mapajani au mashavuni. Kwa kawaida hutoweka yenyewe, lakini kalisi katika damu huweza kupanda hata wiki kadhaa baadaye, hivyo mtoto hupimwa damu mara kwa mara. Anayetapika au kukataa kunyonya apelekwe hospitalini mara moja.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, ingawa si kila wingu hunyesha. Anayegundua donge asikate tamaa, wala asilipuuze. Aende apimwe.